Kizimba cha panya weupe: kipi ununue, kipi uache

Panya mweupe wa kufugwa si yule anayekutobolea gunia la mahindi. Huyu amezoea mikono ya watu, anakuja akiitwa, na anaishi miaka miwili hadi mitatu. Nafuga majike wawili hapa Mwanga, Kigoma, na nimeshajaribu vizimba vya kila namna.

Namba moja, bila ubishi, ni cha kuagiza kwa fundi wa kuchomelea. Mwambie fremu ya chuma, wavu mgumu, upana sentimita 80, kina 50, kimo 80. Humo panya wawili au watatu wanajinafasi. Panya anapenda kupanda, kwa hiyo dai vichanja viwili ndani. Kabla hujalipa, pima matundu kwa rula: yasizidi sentimita 1.2, maana kichwa kikipita, mwili wote unafuata. Halafu ingiza mkono, upapase kona zote. Changu kilikuja na ncha za waya, na siku ya pili tu mmoja alichanika sikio. Fundi alizisaga nilipokirudisha, kazi ya dakika chache, lakini sikio lile lina pengo mpaka leo. Sakafu isiwe waya mtupu, nyayo zao huota vidonda. Weka trei ya bati inayovutika nje.

Cha pili ni kizimba kikubwa cha ndege. Hewa inapita vizuri na ni chepesi kubeba. Ila watoto wa panya hupenya kati ya fito, na vile vilango vya kuinua juu wanajifunza kuvifungua upesi sana. Vifunge kwa waya.

Cha tatu, kontena la plastiki lenye mfuniko. Kata madirisha mapana ubavuni na juu, ufunge wavu kwa bolti. Ni rahisi kwa mfuko, lakini kingo zitatafunwa, kwa sababu meno ya panya hayaachi kuota. Mimi nalitumia mmoja akiugua tu.

Tangi la samaki la kioo naliweka mwisho, na nakusihi usilinunue. Hewa inatuama, mkojo unatoa amonia, na mapafu ndiyo udhaifu mkubwa wa panya. Tena hatoki jasho. Joto lake hulitolea zaidi mkiani. Mchana wa Oktoba kwetu huku, ndani ya kioo ni tanuri. Sanduku la mbao sijalipanga kabisa: linakunywa mkojo, halisafishiki.

Kuhusu matandiko, seremala atakupa maranda bure. Ya msonobari yakatae, mafuta yake yanawasha njia za hewa. Chana karatasi nyeupe au magazeti, ubadilishe mara kwa mara.

Nunua wawili wa jinsia moja. Mmoja peke yake hunyong'onyea. Dume na jike, siku 21 hadi 23 baada ya kupandana unahesabu watoto. Ukipita mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, chukua dagaa wasio na chumvi, uwaoshe mchanga: kidogo tu, juu ya nafaka na mboga.

Kizimba kikae mezani, mbali na jua la dirishani, miguu ya meza ndani ya makopo ya maji kwa ajili ya siafu. Mwisho, funga kipande cha khanga kuukuu kwa pembe zake nne chini ya kichanja cha juu. Wangu hulala humo mchana kutwa, mmoja juu ya mwenzake, mikia inaning'inia nje.