Dubu Akipuliza, Ujue Ameogopa: Uzoefu Wangu wa Siku Nne Ely, Minnesota

Siku ya kwanza tu ya kozi ya kuwatazama dubu weusi wa porini huko Ely, jimbo la Minnesota, Marekani, dubu jike alisimama kama hatua nane mbele yangu, akapuliza kwa nguvu, akagonganisha meno, akapiga chini kwa miguu ya mbele. Nilishikwa na woga. Nimekulia upande wa Voi, Kenya, jirani na hifadhi ya wanyama ya Tsavo, na tangu utotoni tumeambiwa mnyama akikupigia kelele, jiondokee mapema. Mwalimu wetu hakusogea. Alinong'ona tu kwamba dubu yule ameogopa, amesikia gari barabarani, tumpe nafasi. Tukampa. Dakika mbili hazikuisha, akainamisha kichwa na kuendelea kula.

Hilo ndilo nililolipia, na ningelipa tena. Sauti ile ambayo watu wengi hudhani ni hasira, kumbe ni hofu ya mnyama anayetafuta pa kukimbilia. Dubu mweusi ana makucha mafupi yaliyopinda, ya kupandia miti. Akitishika, kimbilio lake ni juu ya mti, na mama mwenye watoto huwapandisha wao kwanza.

Kozi niliyohudhuria ni ya Wildlife Research Institute, taasisi ya Dkt. Lynn Rogers, ambaye amewafuatilia dubu weusi tangu miaka ya 1960. Kituo chao kiko msituni, magharibi ya mji mdogo wa Ely, mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka Minneapolis ninakoishi. Hapo mjini kuna pia North American Bear Center, iliyofunguliwa 2007, ambako unaweza kuwaona dubu wanaotunzwa ndani ya uzio. Kama una watoto wadogo au una siku moja tu, nenda huko. Lakini kama unataka kumwona dubu wa porini akija na kuondoka kwa hiari yake, basi tenga siku zako na uende msituni.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kutazama na kuandika: nani amekuja, saa ngapi, yuko na nani, ana alama gani ya kumtambua. Unajifunza kutazama masikio, kifua, rangi ya pua. Kwa siku mbili za mwanzo wote walikuwa weusi tu machoni pangu. Siku ya tatu nilimtambua mmoja kwa mbali kwa namna anavyotembea, nikafurahi kama niliyepewa zawadi.

Kuna jioni moja sitaisahau. Mama alikaa chini akaegemea msonobari mkubwa, watoto wawili wakamwendea kifuani, wakaanza kunyonya. Mara nikasikia mngurumo mwororo, bila kukatika, kama posho mill inayosaga kijiji cha pili. Ni sauti ya watoto wa dubu wakinyonya. Watoto hao walizaliwa Januari, ndani ya pango, mama akiwa katika usingizi wa majira ya baridi, kila mmoja akiwa na uzito usiofika nusu kilo. Huku kaskazini dubu anaweza kukaa hata miezi saba bila kula wala kunywa, na mama bado ananyonyesha. Mwaka 2010 watafiti wa Ely waliweka kamera pangoni kwa dubu aitwaye Lily, na watu duniani kote wakamwona akijifungua moja kwa moja kwenye intaneti, tarehe 22 Januari. Mtoto wake akaitwa Hope. Mwaka uliofuata Hope aliuawa na mwindaji.

Sasa niseme linalonisumbua. Dubu hawa huja kwa sababu wanawekewa chakula, karanga na mbegu za alizeti, na wengine hulishwa mkononi. Mamlaka ya maliasili ya jimbo ilipinga, na mwaka 2013 ilikataa kuhuisha kibali cha kuwafunga dubu kola za redio, zinazovaliwa shingoni ili wafuatiliwe waliko. Wanaopinga wanahofia dubu aliyezoea watu atakwenda kwenye nyumba za watu. Taasisi inasema dubu asipomwamini mtu, huwezi kuyaona maisha yake kwa karibu. Nililisha mara moja. Midomo laini, yenye unyevu, iliokota mbegu moja moja kiganjani mwangu, nami nikatetemeka kwa furaha. Hata hivyo sikurudia. Wa kwetu wanaolala macho wakilinda mashamba dhidi ya ndovu watanielewa.

Mambo ya safari: mbu ni wengi mno, beba wavu wa kichwa. Koti la mvua nililouziwa dukani kama lisilopitisha maji lililowa siku ya kwanza, kwa hiyo jaribu la kwako nyumbani kwanza. Nenda Julai au Agosti, kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa mwanzoni mwa Septemba.

Mama yangu alipopiga simu aliuliza, "Mwanangu, huyo mnyama hali watu?" Nilimsomea nilichoandika daftarini: "Jike, kovu sikio la kushoto, watoto wawili, saa 12:40 jioni, wananyonya." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama watoto wananenepa. Nimeomba nijulishwe mwakani, theluji ikiyeyuka, kama wamerudi wote watatu.