Utepe wa lami kwenye maungio ya paa mbili: uzoefu wangu Dodoma

Utepe wa lami wenye ngozi ya alumini, ule unaouzwa kwa roli madukani, unafanya kazi. Ila si kazi anayokutajia muuzaji. Yeye atakwambia bandika juu ya ufa, umemaliza.

Nyumba yetu ya Nzuguni tuliinunua ikiwa imeshaongezwa baraza nyuma. Paa kubwa lina mwinuko wa kutosha, maji yanateremka kama yamefukuzwa. La baraza limelala mno. Yanapofika pale yanapunguza mwendo, yanajaa, na upepo ukiyasukuma yanarudi nyuma chini ya bati. Dari ya jipsamu ya jikoni iliharibika kwa sababu hiyo. Anayedhani Dodoma ni kukavu hivyo paa halina shida, aje Januari. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, lakini ikiamua inakuja yote kwa pamoja, tena na upepo.

Fundi wa kwanza alijaza silikoni, ikabanduka. Sababu ni jua letu. Bati la chuma la urefu wa mita 6 likipata joto la nyuzi 40 zaidi linarefuka karibu milimita 3, usiku linarudi. Paa mbili zinavutana palepale zinapokutana, kila siku ya Mungu. Tena ile silikoni yenye harufu ya siki si ya kuweka kwenye bati, asidi yake inakula zinki.

Fundi wa pili, mzee mmoja anayepaua tangu enzi za bati za migongo midogo, aliutazama utepe niliomnunulia akaniambia, "Mwanangu, huu tutautumia, lakini kwanza tuyaonyeshe maji njia."

Alilegeza skrubu za safu ya chini ya paa kubwa, akaingiza flashi, yaani kipande cha bati cha kufunika maungio, iliyokunjwa kwa pembe ya paa zote mbili. Upande wa juu ikaingia chini ya bati zaidi ya sentimita 15, upande wa chini ikalala juu ya bati za baraza, ndefu kuliko nilivyotarajia. Kabla ya kuilaza alichukua koleo akakunja kwenda juu ncha za juu za bati za baraza, kwenye kila bonde. Maji yakisukumwa nyuma yanagonga ukuta huo mdogo. Nafasi zilizobaki kati ya flashi na migongo akaziba kwa sponji zilizokatwa kwa umbo la bati. Ukiniuliza, hizo ncha na sponji ndizo zilizomaliza tatizo, na ndizo mafundi wengi wanaziruka kwa sababu kutoka chini hazionekani.

Utepe ukawekwa pale vipande vya flashi vinapopandana, na ubavuni panapokutana na ukuta. Hapo umeshika vizuri mno. Masharti yake: bati lifutwe vumbi kwa kitambaa chenye spiriti (na vumbi letu mnalijua), likauke, halafu utepe ukandamizwe kwa nguvu, si kupapaswa. Asubuhi sana bati likiwa baridi haushiki. Saa saba mchana huwezi hata kuligusa. Sisi tulibandika saa nne.

Kasoro ninayo moja. Upande unaopigwa na jua la jioni lami imelainika ikachuruzika kidogo pembeni mwa alumini. Haivuji, ila inachafua rangi ya bati. Ningeanza upya ningetafuta wa butili (aina ya mpira), unavumilia joto zaidi. Na bei si ya kuchezea, kwa roli moja unapata mirija kadhaa ya silikoni.

Mvua za msimu uliofuata zimepita, jikoni pakavu. Naupa nyota nne kama msaidizi wa flashi. Ukibandikwa peke yake kwenye maungio ya namna hii, naupa moja.