Campari hapa Tabora: chungu kweli, ila usiimwage

Wadau wa kokteli wa Tabora, hii Campari inunueni tu, japo bei yake inauma na ukiikosa hapa mjini inabidi umwagize mtu Dar. Ni kinywaji chekundu cha Waitaliano, kipo tangu 1860, kina mitishamba na matunda ambayo wenyewe hawayataji, na lebo ya chupa yangu inasema kilevi ni asilimia 25. Ukiinywa kavu, utamu unapita haraka alafu uchungu unakaa nyuma ya ulimi kama umetafuna mwarobaini, na hapo ndo wengi wanairudisha kabatini wakisema imeharibika. Haijaharibika jamani, hiyo ni ya kuchanganya.

Anza na kokteli ya Negroni. Campari 30 ml, jini 30 ml, Martini Rosso (ile vermouth nyekundu tamu, divai yenye mitishamba) 30 ml, barafu nyingi, koroga taratibu kama nusu dakika mpaka glasi itoe jasho. Mi jini naweka Konyagi, ina asilimia 35, inatoka laini kidogo na kwa kweli nimeizoea hivyo. Alafu kata kipande cha ganda la chungwa, likunje juu ya glasi mpaka uone vimafuta vinaelea, ile harufu inatangulia puani kabla hujaonja na uchungu unakuja ukiwa umeshatulizwa. Hiyo hatua usiiruke, bila ganda naona kinywaji hakijakamilika kabisa.

Martini Rosso ikikosekana usiweke soda tamu ya rangi, unaharibu. Mi nahamia kwenye asali yetu ya miombo, ile nyeusi yenye kaharufu ka moshi: kijiko kimoja cha asali na kimoja cha maji ya moto, koroga kwanza maana asali ikikutana na barafu inang'ang'ania chini. Ongeza toti mbili za Konyagi, limao moja dogo, nusu toti ya Campari, tikisa kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Hiyo sio Negroni tena, ila ni tamu alafu chungu alafu kali, na shemeji yangu ambaye ni mtu wa bia tupu aliomba ya pili.

Campari ikishafunguliwa inakaa tu kabatini. Martini Rosso weka friji, ile ni divai, na kwa joto la Oktoba hapa Tabora inapoteza ladha mapema sana.