Kayaki ya Kuvulia: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Somo la kununua kayaki nililipata nchi kavu. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, saa nne asubuhi, bahari imekupwa mpaka mwambani. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri maji yakiwa karibu na minazi. Sasa mbele yangu kulikuwa na zaidi ya nusu kilomita ya tope, majani na mawe makali. Chombo changu cha pedali, kilo arobaini na ushee kikiwa kitupu, kilikuwa na ndoo ya changu, nanga na maji yaliyoingia njiani. Nakiburuta, napumzika, nakiburuta tena. Mama mmoja aliyekuwa akifunga mwani kwenye kamba zake akainua kichwa: "Mwanangu, si ungengoja maji yakufuate?"

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kayaki gani namrudishia maswali mawili: utaibeba na nani, na itakurudisha vipi? Vishikio vya fimbo, kiti cha wavu, kibao cha kufungia kipima kina, hayo ni mapambo. Yanafungwa baadaye kwa skrubu.

Swali la kurudi ndilo zito. Alfajiri umande unavuma kutoka bara kwenda baharini. Ukiingia nao wakati maji yanakupwa, upepo na mkondo vinakubeba pamoja, kasia unaligusa tu, na unafika kwenye mlango wa mwamba ukijiona nahodha. Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, hasa Juni mpaka Agosti, kabla ya adhuhuri upepo umeshaamka na unakusukuma kaskazini sambamba na pwani. Hapo chombo kifupi kinazungukazunguka kama kifuu cha nazi. Ziwani nako si bwawa: Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, nafasi tele kwa dhoruba ya radi kujenga mawimbi. Ziwa Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470, na mita thelathini za kamba ya nanga hazitakufaa kitu ukishaachana na ufukwe.

Basi nimezipanga kwa maswali hayo mawili, si kwa uzuri wa picha.

Nafasi ya kwanza: ya kukalia juu, ya mtu mmoja, ya kasia

Hii haina tundu la kuingiza miguu. Unakaa juu yake kama unavyokaa kwenye jahazi lililofunikwa sitaha. Ni plastiki nene iliyofinyangwa kwenye kalibu ikatoka kipande kimoja chenye uwazi ndani. Wimbi likipanda, maji yanashuka yenyewe kupitia matundu yaliyotobolewa toka juu hadi chini. Ikipinduka haijai, unaigeuza, unapanda, unaendelea na safari.

Kwa bahari na ziwa, tafuta urefu wa mita 3.5 hadi 4, upana wa sentimita 75 hadi 80, na uzito usiozidi kilo 30. Chini ya mita 3 umenunua beseni: limetulia, linageuka upesi, lakini halifiki. Ikizidi sentimita 85 utaweza hata kusimama ukirusha chambo, ila upana huo utaulipia kwa mabega kila unapopiga kasia. Usukani wa kukanyagia kwa miguu si lazima, lakini mvuvi wa wakati wa kusi atamshukuru aliyeubuni. Kuhusu uzito unaobebwa, muuzaji atakutajia kilo 160 au 180. Wewe toa theluthi moja, kisha piga hesabu ya mwili wako, barafu, nanga na samaki unaowaota.

Kabla ya kulipa omba kuijaribu, kwenye maji ya kifuani, ukiwa na mtu karibu. Ipindue makusudi. Irudishe sawa, shika ukingo wa upande wa pili, piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, jivute kifudifudi hadi kitovu kifike katikati ya chombo, kisha geuka ukae. Usijaribu kupanda kwa magoti kama mtu anayepanda kitanda, itakumwaga. Ukishindwa mara tatu kwenye maji yaliyotulia, chombo hicho si chako, hata kiwe na punguzo gani. Na muuzaji asiyetaka uijaribu, mwachie mali yake.

Njia ya mkato ambayo wengi tunaipitia ni kayaki zilizochoka za hoteli za ufukweni. Nyingine bado nzima kabisa. Angalia mambo matatu. Chini, upande wa tezi, yaani nyuma, ndiko zinakoburutwa na beach boy miaka nenda rudi. Pitisha kidole, pakiwa pamekuwa pembamba kama sahani ya plastiki, ondoka. Pili, rangi: plastiki iliyopauka na kuacha ungaunga mkononi imeliwa na jua, na siku ikigonga mwamba itapasuka badala ya kubonyea. Tatu, fungua kizibo, tikisa usikilize maji ndani. Yakiwemo, uliza yaliingilia wapi, maana hayakuzaliwa humo. Nyingi za hoteli ni za watu wawili. Ukikaa peke yako kiti cha nyuma, omo, yaani mbele, linanyanyuka na upepo unalichezea. Chukua tu ile yenye nafasi ya kukaa katikati.

Nafasi ya pili: ya pedali

Mwaka 1997 kampuni ya Hobie ya Marekani ilileta mfumo wa mapezi mawili yanayopiga chini ya chombo unapokanyaga. Wengine wakaja na rafadha inayozungushwa kama baiskeli. Raha yake ni mikono kubaki huru. Unarambaza, yaani unakokota chambo nyuma ya chombo, huku unakanyaga, mshipi umeushika, na nguru au kolekole akikamata huhangaiki kuweka kasia chini. Dhidi ya upepo, miguu inachoka polepole kuliko mabega.

Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa sababu ya yule mama wa mwani. Nyingi zina kilo 40 hadi 55, bei yake ni mara mbili au tatu ya ile ya kasia, na mapezi yanayoning'inia chini hayaelewani na matumbawe wakati maji madogo. Kipini kikikatika, cha kubadilisha utakiagiza ng'ambo, kwa hiyo nunua vya akiba siku ileile na uchukue kasia hata kama huna nia ya kulitumia. Lakini kwa mtu wa Kigoma ninaipandisha nafasi ya kwanza bila kusita. Pale hakuna kupwa na kujaa, kina kinaanza karibu na ufukwe, na kurambaza kando ya miamba ukitafuta kuhe au sangala ndiyo kazi pedali ilitengenezewa.

Nafasi ya tatu: ngalawa

Najua umekuja kusoma habari za plastiki. Hata hivyo, kama mnavua wawili na mnakaa kijiji chenye fundi, ngalawa ya mwembe yenye matengo, zile mbao za kuisawazisha, pande zote mbili inawapa utulivu ambao kayaki yoyote haina, na tanga juu. Ikipasuka inatengenezwa palepale, chini ya mkungu. Gharama yake inakuja kidogokidogo: kuipandisha, kuipaka mafuta ya sifa, kuziba nyufa, kumlipa wa kuilinda. Mtu wa Jumamosi hadi Jumamosi itamshinda. Na haipandi juu ya gari.

Nafasi ya nne: ya kujaza upepo

Inafaa kwa anayeishi ghorofa ya tatu na hana pa kuweka kitu cha mita nne. Inakunjwa, inaingia kwenye buti. Kwenye ghuba tulivu utapata sato wako bila tatizo. Baharini sina imani nayo: inaelea juu mno kwa hiyo upepo unaichukua kama jani, na adui zake ni vitu vidogovidogo, yaani chaza walioshika kwenye mawe, miba ya samaki na ndoana yako mwenyewe. Ukishikilia kununua, chukua yenye sakafu ngumu ya kujazwa kwa pampu ya shinikizo kubwa na vyumba vya hewa visivyopungua vitatu, kisha iache imejaa usiku mzima sebuleni kabla siku za kuirudisha hazijaisha. Yangu ya zamani ililala imesimama ikaamka imelala, na duka lilikuwa limeshanihesabia siku.

Ya mwisho: ya kuingia ndani

Nyembamba, nzuri, ina kasi. Ikipinduka inajaa, na peke yako huwezi kuitoa maji katikati ya mawimbi. Wacha wanaofanya mashindano waifaidi.

Pesa ikibaki, isikimbilie fimbo. Kwanza jaketi okozi la saizi yako, lenye mgongo mfupi ili lisigombane na kiti, la rangi ya chungwa au njano, na ulivae. Lililofungwa nyuma ya kiti ni mzigo tu. Kisha kamba ya kufunga kasia kwenye chombo, filimbi shingoni, tochi ya kichwani (mashua za dagaa Ziwa Victoria hazikuoni gizani), maji ya kunywa lita tatu, na mfuko usioingiza maji kwa ajili ya simu. Nanga ya kilo moja na nusu yenye makucha ya kukunjwa inatosha. Usiifunge ubavuni, mkondo utakupindua; ipitie omo au tezi, na kisu kiwe karibu.

Kuvua kwenyewe hakudai mengi. Mshipi wa mkono uliozungushiwa chupa ya plastiki unafanya kazi vizuri mno kwenye kayaki, maana umekaa karibu na maji na hakuna fimbo ya kukupiga usoni. Kata vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, uvae vidoleni. Nailoni ikikimbizwa na kolekole inakata hadi nyama. Wakati wa maji mafu, ambapo bahari haijai wala haikupwi sana, mkondo ni mpole, na ndipo ninapomtuma mgeni aanze. Bamvua ukilitaka, kumbuka kwamba kwa pwani yetu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne. Toka kwa hesabu hiyo, au uje na kigari cha magurudumu mapana. Yale membamba yanazama mchangani kama kisigino.

Ziwani kuna wenyeji wengine. Kiboko yuko karibu na matete asubuhi na jioni, na akishtuka anakimbilia kina kirefu, kwa hiyo usijiweke kati yake na maji mengi. Penye mamba, miguu isining'inie nje. Sangara aliye chini ya sentimita 50 anarudi majini kisheria. Kote, uliza leseni kwa ofisa uvuvi kabla ya kushusha chombo, na jua mipaka ya hifadhi: Watamu na Malindi ni hifadhi za taifa za bahari tangu 1968, ndani yake hakuvuliwi kabisa, Mafia, iliyo hifadhi tangu 1995, ina maeneo yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa.

Kuifikisha nyumbani, kirikuu, ile pikapu ndogo, inatosha. Nusu ya kayaki itatokeza nyuma, kwa hiyo funga omo na tezi kando kando kwa kamba mbili tofauti, tundika kitambaa chekundu, na patana nauli kwa simu kabla dereva hajauona urefu wake.