Mgahawa: barabara kuu ya biashara au ndani ya mtaa?

Barabara kuu inashinda kwa wapita njia. Mgahawa mpya huonekana bila matangazo, na mchana wafanyakazi wa ofisini hujaza viti. Lakini kodi ya pango ni kubwa, na ikipita asilimia 10 ya mauzo, faida huanza kuliwa. Tena, ofisi zikifungwa wikendi, meza hubaki tupu huku kodi ikiendelea.

Ndani ya mtaa kodi hupungua, na wateja ni walewale: wakiridhika hurudi, wakiudhika habari husambaa haraka. Jioni na wikendi ndizo za kutegemea.

Matengenezo ndipo wengi hukwama. Nyumba ya makazi iliyogeuzwa mgahawa mara nyingi haina bomba la moshi linalofika juu ya paa wala chemba ya kunasa mafuta. Bila chemba, mafuta huganda na kuziba mabomba ya majirani. Ikiwepo, isafishwe kabla mafuta na mashapo hayajafika robo ya kina chake.

Mwenye mtaji mdogo na subira aanzie mtaani. Anayeuza chakula cha haraka mchana atafute barabara kuu.