Darubini ya kompyuta kwa anga la Tanga: Virtuoso GTi 150P

Karibu kila anayeniomba ushauri wa darubini huanza na swali moja: inakuza mara ngapi? Mimi humrudishia mengine mawili. Utaibeba na nini, na utaitazamia wapi? Kwa sisi tunaoishi Tanga, majibu ya hayo mawili huondoa darubini nyingi kabla hujafika kwenye bei.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nakaa Chumbageni. Anga likiwa safi napakia darubini kwenye bajaji hadi Raskazone, mahali ambapo taa za mji zinabaki nyuma na bahari iko mbele. Huja wanafunzi, wazazi wao, majirani na wavuvi. Ninayotumia ni Sky-Watcher Heritage 150P Virtuoso GTi, na kwa anayeanza katika pwani hii ndiyo ningemnunulia mwanangu.

Kioo chake kina kipenyo cha milimita 150, na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokusanyika, ni milimita 750. Bomba linakunjwa: sehemu ya juu hushuka juu ya vyuma viwili, likawa fupi la kupakatwa. Kitako chake chenye mota hukaa juu ya meza, kwa hiyo hakuna miguu mitatu ya kubeba. Nilimwendea fundi wa Ngamiani akanitengenezea stuli fupi ya mninga, nzito, yenye miguu minene isiyozama mchangani. Stuli ya plastiki haifai hata kidogo, upepo wa kusi ukivuma kila nyota itatetemeka.

Darubini hii unaiongoza kwa simu. Inatengeneza Wi-Fi yake yenyewe na programu yake, SynScan Pro, ni ya bure, hivyo hata ukiwa ufukwe wa Ushongo bila bando inafanya kazi. Zima data kwanza, maana simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huiacha zenyewe, na hapo mota zinakosa amri. Mahali na saa programu inavichukua kwenye simu. Darubini zenye rimoti ya waya zinataka uviandike mwenyewe, nyingi kwa mtindo wa Kimarekani wa kutanguliza mwezi kabla ya siku, na saa ziwe za kimataifa: saa 2 usiku ni 20:00, si 2:00. Kosea hapo na kompyuta itatafuta nyota za upande mwingine kabisa wa anga.

Jambo ambalo maelekezo ya Ulaya hayakuambii ni kwamba Tanga iko digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Polaris, nyota ya kaskazini ambayo vitabu vya wanaoanza huianzia, kwetu iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota za kusini huonekana kuizunguka, nayo iko digrii 5 tu juu ya upeo, karibu kugusa maji. Darubini zenye kitako cha ikweta, zile zenye mkono wa uzito unaoning'inia upande, hutakiwa mhimili wake uelekee kwenye ncha hiyo, na vitako vingi vya bei ya chini haviwezi kulala kiasi hicho. Nasisitiza hili kwa sababu ndizo zinazovutia sana kwenye picha. Mtu wa pwani achukue inayozunguka kushoto na kulia, juu na chini, basi. Kompyuta itafanya hesabu iliyobaki.

Kuipatanisha na anga ni rahisi. Unalaza kitako sawasawa, unachagua nyota mbili zilizoachana mbali, unaziweka katikati ya lenzi moja baada ya nyingine, unathibitisha. Januari natumia Suheli, ambayo kwenye programu ni Canopus, pamoja na Aldebaran. Julai natumia Antares na Arcturus. Baada ya hapo unachagua jina na bomba linakwenda lenyewe. Mtoto akilisukuma kwa mkono, vipimo vya ndani huendelea kujua limeelekea wapi, huanzi upya. Kwa mwenye wanafunzi arobaini wanaogombea lenzi moja, sifa hii peke yake ni thamani ya pesa.

Udhaifu mmoja wa vitako vya aina hii unatugusa zaidi sisi wa ikweta. Kitu kikiwa utosini kabisa, mota hulazimika kuzunguka haraka sana kukifuata, na hukipoteza. Sayari zetu na Mwezi hupita huko juu mara nyingi. Mwaka 2025 Zohali ilikuwa ikipita karibu na utosi wetu. Dawa ni kuitazama mapema, ikiwa bado mashariki, au kusubiri iteremke magharibi.

Na unaona nini? Lenzi mbili zinazokuja nayo, ya milimita 25 na ya 10, hukuza mara 30 na mara 75. Wengine hudharau namba hizo. Mara 30 inakupa kipande cha anga kinachozidi upana wa Mwezi mara tatu hivi, na vitu vizuri vya kusini ni vipana. Mara 75 inatosha kuona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, pete za Zohali, na Alpha Centauri ikigawanyika kuwa nyota mbili za dhahabu. Omega Centauri, lundo la mamilioni ya nyota ambalo Ulaya ya kaskazini hawalioni kabisa, kwetu mwezi Juni liko juu vizuri, na kioo cha milimita 150 huanza kulichambua nyota mojamoja pembezoni. Usitegemee rangi za kwenye boksi. Nebula, mawingu ya gesi na vumbi huko angani, kwa jicho ni kijivu, na mimi naipenda hivyohivyo.

Usiku mmoja wa kaskazi alikuja nahodha mstaafu wa mashua. Nikamwamkia, "Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mashine yako inakijua Kilimia?"

Nikagusa jina la kundi hilo la nyota, mota zikavuma, bomba likapanda. Akainama akatazama kwa muda mrefu. "Sisi tulihesabu sita," akasema, "na humu sijui niishie wapi." Akaniomba nimwoneshe Suheli, kisha akakaa kuwaeleza watoto jinsi mabaharia walivyoishika kurudi nyumbani. Ilipofika zamu ya mtoto wa mwisho, tulikuwa bado hatujagusa sayari hata moja.

Nimelinganisha na nyingine kabla ya kuamua. Celestron NexStar 4SE ni imara, imefungwa mbele kwa kioo, na ina miguu yake. Lakini kipenyo chake ni milimita 102, yaani inakusanya chini ya nusu ya mwanga wa hii, na fokasi yake ya milimita 1325 huonesha kipande chembamba cha anga. Kwa anayependa Mwezi na sayari tu, ni chaguo la heshima. Seestar S50 ya ZWO, iliyotoka 2023, haina lenzi ya kutazamia. Inapiga picha na kuzituma kwenye simu. Picha zake za nebula ni nzuri sana na begi lake ni dogo, ila mimi nataka mwanafunzi aweke jicho lake mwenyewe.

Bomba la Virtuoso liko wazi katikati, hivyo mwanga wa taa na unyevu huingia. Nimelishonea gauni la kaniki, nyeusi, jepesi, na picha inakuwa wazi zaidi. Umeme wake ni volti 12; betri ya sola inafaa, mradi ncha ya ndani ya plagi iwe chanya. Baada ya barabara ya vumbi vioo huhitaji kurekebishwa vielekeane sawasawa, kazi ya dakika chache. Hewa ya chumvi ndiyo adui mkubwa: ukirudi, futa mwili wa darubini kwa kitambaa kikavu, usiguse kioo, na uihifadhi ndani ya sanduku lenye vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu.

Dukani Tanga sijaikuta, utaiagiza kupitia wakala wa Dar es Salaam, na umwombe akupe gharama pamoja na ushuru kabla hujalipa. Jua usilitazame kamwe bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wote wa bomba. Ukishaipata, anza na Mwezi wa siku ya saba, si mpevu. Pale mwanga unapokutana na giza, mashimo na milima yake hutupa vivuli virefu, ilhali Mwezi mpevu hukupa mwanga mkali tu, bila kina.