Nililipia kupuliziwa dawa ya mbu mara mbili kabla ya kufunua mfuniko wa karo

Nakaa Tabata, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja mdogo, mwembe mmoja na karo la maji machafu nyuma ya jiko. Mbu wa kwetu walikuwa wamezidi. Ukivuta pazia asubuhi, wanaruka kama vumbi. Mwaka 2019, wakati wa mlipuko wa kidingapopo (homa ya dengue), niliugua wiki nzima, hata kugeuza macho kuliniuma. Tangu hapo siwezi kumwona mbu nikanyamaza.

Masika ya mwaka jana nikaita kampuni ya kupuliza dawa. Shilingi 70,000, ndani na nje. Walikuja vijana wawili na mabomba ya mgongoni, wamevaa vifaa vyao kamili, wakapuliza kuta, chini ya vitanda, nyuma ya makabati na ua mzima. Tukakaa kwa jirani mpaka alasiri. Usiku ule tulilala kwa raha. Siku ya sita mbu wakarudi. Nikapiga simu, nikajibiwa, "Mama, hao wanatoka kwa majirani," na kwamba duru ya pili ni 50,000. Nikalipa. Nikapata siku nane.

Dawa yenyewe sikuilaumu, maana mende walikufa na mbu waliokuwemo ndani walikufa. Kilichoniudhi ni kwamba vijana wale walizunguka nyumba nzima mara mbili bila kuuliza maji yangu yanakaa wapi. Kwa joto la Dar, yai la mbu linakuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi hivi. Ukiua wanaoruka ukawaacha waliomo majini, hesabu ni hiyo hiyo niliyoiona mimi: wiki moja ya amani kwa 70,000.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja, mhudumu wa afya wa mtaani kwetu. Nilimwamkia, nikaanza kumlalamikia, akaniambia, "Mwanangu, lete tochi." Tukaanzia barazani. Chini ya chungu cha maua kuna kisahani, na kwenye yale maji ya kimo cha kidole kulikuwa na viluilui wasiohesabika. Kivuli cha mkono kilipopita juu yao, wote wakazama kwa kujinyonganyonga. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwagilia ua lile kila jioni! Akaniambia hao ni watoto wa yule mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuleta kidingapopo. Mayai yake hubaki hai miezi kadhaa hata maji yakikauka, kwa hiyo kumwaga tu hakutoshi. Sasa nasugua kisahani kwa brashi kila Jumamosi. Tulikuta wengine kwenye tairi la zamani na kwenye simtanki ambalo mfuniko wake ulikuwa umepasuka.

Lakini wengi walikuwa karoni. Akaniambia nisimame karibu na bomba la hewa jua likizama. Nilisimama. Walianza kutoka mmoja mmoja, halafu wakawa kama moshi. Hao ndio wa maji machafu, wanaotusumbua usiku na wanaoweza kueneza matende. Nilinunua kipande cha wavu kwa 3,000, fundi akakifunga kwa waya mdomoni mwa bomba, akaziba kwa saruji nyufa za mfuniko. Asubuhi, upande wa ndani wa wavu ulikuwa mweusi kwa mbu. Nawaambia kweli, katika fedha zote nilizotoa, hakuna iliyofanya kazi kama hiyo 3,000.

Nikanunua pia dawa ya kuua viluilui, ile ya kibaiolojia inayotengenezwa kiwandani Kibaha kwa teknolojia ya Cuba. Ni bakteria: kiluilui akiwala, tumbo lake linaharibika. Nilijaribu kwanza kwenye glasi niliyoiweka dirishani, nikachota maji yale yale ya kwenye tairi na kutia tone. Kesho yake waliokuwa wakiogelea wamenyooka, wamekufa. Waliobaki hai ni wale waliokwisha kujikunja kama alama ya mkato, na siku iliyofuata wakatoka mbu. Katika hatua hiyo hawali kitu, kwa hiyo dawa haiwapati. Ndiyo maana lazima kurudia kwa ratiba iliyoandikwa kwenye chupa. Mimi naitia karoni na kwenye mtaro wa mbele, kwa kipimo chao. Wanaonunua wakatia mara moja kisha wakasema haifai, wanaionea.

Nyavu za madirisha manane zilinigharimu 160,000 pamoja na ufundi. Fundi aliacha upenyo kati ya fremu na ukuta kwenye chumba cha watoto, nikamrudisha. Kagueni kazi mchana mkiwa ndani taa zimezimwa: panapopenya mwanga pembeni, mbu anapita.

Kwa nyota tano, ile huduma ya kupuliza naipa mbili, dawa ya viluilui nne, na wavu wa bomba la karo tano. Ningekuwa naanza upya, ningeanzia karoni, kisha madirisha, na huduma ya kupuliza ningeiweka mwisho kabisa, tena kwa watu wanaokagua maji kwanza.

Mbu hawajaisha. Nyumba ya nyuma ina karo la wazi, nimeshazungumza na baba mwenye nyumba na ameahidi kulifunika kabla ya vuli. Chandarua chenye dawa hatujakiondoa kwenye kitanda chochote. Lakini jana tulikula barazani, tukakaa mpaka baada ya isha, na mdogo wangu aliyekuja kutoka Morogoro akauliza kwa nini hatuwashi ile dawa ya mbu ya koili.